Kanisani kwetu Mwanza kila mtu ana zamu

Nikienda likizo Mwanza, swali hili hunikuta pale pale nje ya mlango wa kanisa, ibada ya kwanza imetoka na watu wa ibada ya pili wanaanza kuingia. "Dada, ni kweli hao Wajerumani waliotuletea Ulutheri siku hizi hawasali?" Mwingine anadakia kwamba amesikia makanisa yanauzwa na kugeuzwa baa. Huwa najibu kwa mkato, maana foleni ya kumpa mchungaji mkono inasogea na jua limeshaanza kuchoma mawe ya vilimani. Leo nina nafasi, nijibu vizuri.

La makanisa kubadilishwa matumizi ni kweli. Mimi naishi Bielefeld, kaskazini magharibi ya Ujerumani, nafanya kazi ya uuguzi katika nyumba ya wazee. Katika mji huu jengo lililokuwa kanisa la Martini siku hizi ni mgahawa. Lingine, lililokuwa la Paul Gerhardt, tangu 2008 ni sinagogi ya Wayahudi, na kwa hilo mimi namshukuru Mungu, kwa sababu nyumba ile bado inasaliwa. Washarika wa makanisa ya Kiinjili, yaani ya Kiprotestanti, Walutheri wakiwemo, nchi nzima wamebaki takriban milioni 18, na kila mwaka wanapungua. Hayo ni ya kwenye takwimu. Ninalotaka kulisema mimi linahusu mtu mmoja mmoja: anaingiaje kanisani, na nini kinamshika asitoke.

Nianze na nyumbani. Usharika wetu uko upande wa Nyakato. Wageni wa Mwanza hudhani kila mtu kule ni Msukuma na kwamba Walutheri wa Mwanza ni Wasukuma. Ukweli ni kwamba Wasukuma wengi niliokua nao walikuwa wa AIC (Africa Inland Church) au Wakatoliki. Sisi Walutheri tulikuwa mchanganyiko: Wahaya waliovuka ziwa, Wachaga wenye maduka, Wapare walimu, Wanyakyusa wachache, na Wasukuma ambao siku hizi, nashukuru, ndio wanaojaza kwaya ya vijana. KKKT yenyewe, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ilizaliwa Juni 19, 1963 kwa makanisa saba kuungana, na kila moja lilikuwa na eneo lake: la Buhaya kwake, la Kaskazini kwake, la Kusini kwake. Katika mji kama Mwanza watu hao walijikuta benchi moja, wengi wao wakiwa hawana shangazi wala mjomba karibu. Ndiyo maana usharika ukawa ukoo.

Na ukoo huo unakupa kazi siku hiyo hiyo unapofika. Mgeni anasimama wakati wa matangazo, anasema jina, anakotoka na anakokaa sasa. Hajakaa vizuri, mzee wa kanisa wa mtaa wake ameshaandika kwenye daftari. Wiki hiyo hiyo anajua jumuiya yake, yaani kikundi cha washarika majirani wanaosali pamoja majumbani, ni ipi na wanasalia nyumba ya nani. Baada ya muda mfupi anaambiwa: mwezi ujao jumuiya yenu ndiyo yenye zamu ya usafi, wewe utakuja na ndoo. Wapo wanaoona huku ni kusumbuliwa, na mimi nikiwa kijana nilikuwa mmoja wao. Jumamosi nzima inaliwa na kufuta vumbi kwenye mabenchi, mara mazoezi ya kwaya, mara kikao cha kamati ya ujenzi kisichoisha.

Lakini angalia mnada. Kama hujawahi kukaa kwenye mnada wa baada ya ibada hujaujua Ulutheri wa Tanzania. Asiye na fedha taslimu huleta alichonacho: kuku aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani, mkungu wa ndizi uliokuja na meli ya Bukoba, michembe kwenye kisado, dagaa waliofungwa kwenye gazeti. Vyote vinawekwa mbele ya madhabahu wakati wa sadaka, kisha baada ya baraka vinatolewa nje kunadiwa, na fedha inaingia kwenye hesabu ya siku hiyo. Likizo iliyopita bibi mmoja alileta mayai matatu kwenye bakuli la plastiki la bluu. Mnadi, ambaye siku za kazi ni fundi seremala, aliliinua lile bakuli kwa mikono miwili kana kwamba ni kombe. "Elfu mbili, nani anaongeza?" Elfu tatu. Elfu tano. Kijana wa bodaboda akapanda hadi elfu nane. Baba mmoja akafunga kwa elfu ishirini, akatoa noti mbili nyekundu pale pale, halafu akamrudishia bibi mayai yake: "Shikamoo mama, haya ukampikie mjukuu." Bibi akaitikia marahaba, akayatazama, akamkabidhi mnadi tena. Yakanadiwa upya.

Fedha haikuwa nyingi. Mabati ya nyumba ya mtumishi hayakununuliwa siku hiyo. Lakini bibi yule, ambaye huenda hana elfu moja ndani, alikuwa katikati ya kanisa zima kwa dakika kumi, na kila mtu alijua sadaka yake ni ipi. Sijaona utaratibu wa fedha za kanisa unaomheshimu maskini kuliko ule.

Jumuiya nayo kazi yake kubwa huonekana kwenye msiba. Kabla ndugu wa Muleba au Moshi hawajapata hata tiketi ya basi, turubai limeshafungwa, masufuria yameshafika, akina mama wanachambua mchele na akina baba wanaandika rambirambi. Wazee wa usharika wetu wakiitaja Mei 21, 1996, siku MV Bukoba ilipozama ikikaribia Mwanza, husimulia jinsi watu walivyogawana nyumba kwa nyumba, nani akakae na familia gani, nani aende uwanja wa Nyamagana kusaidia kutambua miili. Wapo waliozikwa pamoja Igoma, na jamaa za wengine hawakupata hata mwili wa kuzika. Sitaki kulipitia jambo hilo zaidi ya hapo. Nalitaja kwa sababu waliojua wapi pa kwenda siku ile ni wale waliokuwa na majina kwenye daftari la jumuiya.

Sasa njoo Ujerumani. Hapa unaingia kanisani kupitia ofisi ya serikali. Unapokwenda kujiandikisha kwamba umehamia mjini, fomu inauliza dini yako. Ukiandika kuwa wewe ni wa kanisa la Kiinjili, kodi ya kanisa inaanza kukatwa kwenye mshahara. Watanzania wengi hushtuka na kusema wanakatwa asilimia 9 ya mshahara. Sivyo. Ni asilimia 9 ya kodi ya mapato, na Bavaria na Baden-Württemberg ni asilimia 8. Kama kodi yako ya mapato ya mwezi ni yuro 300, kanisa linapata yuro 27. Ofisi ya kodi inakusanya na kulikabidhi kanisa. Humo ndimo wachungaji wanamolipwa na majengo ya karne nyingi yanamotunzwa, na shule za chekechea za kanisa nazo huchangiwa humo. Anayetaka kutoka, kwetu huku anakwenda mahakamani kuandikisha kwamba amejitoa, na mambo yamekwisha.

Mimi silaumu utaratibu huu. Mchungaji anayejua mshahara wake upo hana haja ya kumnyenyekea tajiri wa usharika, na sote tunajua nyumbani jambo hilo linavyotutesa. Ila lina upande wa pili: unaweza kuwa msharika halali, umelipa kila mwezi, na hakuna binadamu hata mmoja anayekujua. Mwanzoni ndivyo nilivyokuwa. Nilikuwa nafika saa nne asubuhi, nakaa nyuma, kinanda kinapigwa vizuri sana, watu wachache wenye mvi wanaimba taratibu, tunapeana mkono mlangoni, narudi nyumbani. Nikikosa wiki kadhaa kwa sababu ya zamu za kazini, hakuna aliyeuliza. Mwanza ukikosa Jumapili mbili, mama wa jumuiya anabisha hodi, "Mwanangu, unaumwa?" Huku kumwuliza mtu kwa nini hakuja kanisani ni kumwingilia, na wananyamaza kwa heshima. Nilichukua muda mrefu kuelewa kwamba ni heshima.

Kilichobadilisha mambo ni barua. Nilipoondoka Mwanza mchungaji wetu alinipa barua ya utambulisho yenye mhuri wa usharika, kama anavyopewa msharika yeyote anayehama. Ilikaa ndani ya Biblia yangu bila mtu wa kuiomba. Siku moja baada ya ibada nikaamua kumpa mchungaji wa huku, mama wa makamo hivi, nikamtafsiria: huyu ni msharika wetu, amebatizwa, amepata kipaimara, mpokeeni na mmshirikishe katika kazi za kanisa. Akautazama ule mhuri, akaniuliza kwa dhati kabisa, "Sasa ni kazi gani ningekupa?" Nikamwambia, "Yoyote." Jumapili iliyofuata nilikuwa jikoni kwenye ukumbi wa kanisa, nachemsha kahawa na kupanga vikombe na mzee mmoja aliyestaafu ufundi wa baiskeli.

Tangu hapo nina jina. Wananiuliza habari za mama yangu. Nilipolazwa na homa ya mapafu, aliyenipigia simu wa kwanza alikuwa mwenzangu wa vikombe, kwa sababu Jumapili ile sikutokea na kahawa haikuwa tayari. Huyo mzee ndiye aliyenishangaza siku aliponiuliza Mwanza ni mbali kiasi gani na Bukoba. Bukoba anaijua tangu utotoni, kwa kuwa Misheni ya Bethel, ambayo makao yake yalikuwa hapa hapa Bielefeld, ilipeleka watu Bukoba kuanzia 1910, na habari za kule zilisomwa kwenye familia za huku. Nikamwambia ni safari ya usiku mmoja kwa meli. Nikamwambia pia kuhusu Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri la Ulimwengu, aliyechaguliwa mwaka 1977 mkutano mkuu ulipofanyika Dar es Salaam. Wiki iliyofuata tayari alikuwa amemsimulia mke wake.

Watanzania wenzangu wa miji ya jirani tunakutana mara moja moja kwa ibada ya Kiswahili, na siwezi kueleza raha ya kuitikia liturujia bila kutazama kitabu. Kunakuwa na pilau na chai ya maziwa. Mwishoni mwa Septemba tunajitahidi kufanya Mikaeli na Watoto, sikukuu ya watoto kanisani, watoto wetu wanasema mistari yao nusu Kiswahili nusu Kijerumani, na wazazi tunashangilia kuliko watoto wenyewe. Lakini nasema wazi, na wapo watakaonipinga: anayetegemea ibada hiyo peke yake anabaki mgeni. Usharika wa mtaani kwako, wenye wazee kumi na kinanda, ndio utakaokuzika ukifa huku. Nenda ukaombe kazi kwao, maana hawatakupa bila kuomba.

Na usharika wa nyumbani? Hapo kuna jambo linalotuumiza wengi tulioko nje. Kwenye kundi la simu la jumuiya tunakumbukwa zaidi panapokuwa na changizo: mabati, vipaza sauti, sare za kwaya. Natuma, tena kwa moyo, kwa sababu kanisa lile ndilo lililonilea. Lakini ilifika mahali nikajiona nimekuwa namba ya kupokelea miamala. Likizo ile nilimweleza mzee wa kanisa wa mtaa wetu, baba aliyenifundisha Katekisimu Ndogo nikiwa darasa la kipaimara. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Binti, bahasha zako tunaziona. Wewe ndiye hatukuoni jumuiya. Nani alikuondoa kwenye zamu?"

Hakuna aliyeniondoa. Hata mimi sikuwa nimewaza kwamba mtu aliye Bielefeld anaweza kuwekwa kwenye ratiba. Mzee aliniandika siku hiyo hiyo. Jumuiya yetu inasali Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na msomaji wa Neno hupokezana. Zamu yangu ikifika wananipigia, simu inawekwa juu ya meza katikati ya sebule, nasoma somo la wiki kutoka kwenye kalenda ya KKKT na kusema maneno machache. Majira ya joto kwangu inakuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Majira ya baridi ni saa kumi na nusu, ambayo ni usiku mtupu. Jogoo wa jirani anasikika kuliko mimi, na mtandao ukikatika mama mwenye nyumba anamalizia aya.

Mara ya mwisho walinisahihisha, kwamba nasoma haraka mno na bibi hasikii. Zamu yangu nyingine ni mwezi ujao, nimeshabadilishana siku na mwenzangu wa kazini, na wameniomba nianzishe na wimbo.