Nyumba tupu kando ya barabara ya Kipushi: jinsi nilivyoikodi na kuifanya ikalike

Nafuga kuku wa mayai. Pale Katuba tulikuwa familia kadhaa ndani ya lupango (kiwanja chenye ua) moja, na banda langu lilibanwa kati ya ukuta na dirisha la jirani. Wateja waliongezeka, nafasi haikuongezeka. Nikaamua kutafuta nyumba ya vyumba viwili nje ya Lubumbashi, kusini mwa Kongo, upande wa barabara ya Kipushi, mahali jogoo akiwika hamkeri mtu.

Mjini ukitaka nyumba unatafuta komisioneri, yaani dalali, anakuzungusha, na mkiafikiana anachukua kiasi cha kodi ya mwezi mmoja. Kijijini mtu huyo hayupo. Unauliza madereva wa teksibasi, unauliza kanisani, unauliza wamama wanaouza makala (mkaa) kando ya barabara. Mama mmoja wa makala ndiye aliyenishika mkono akanipeleka kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye mabati yasiyo na kutu. Ni ya mzee anayeishi mjini, aliyeianza ili ahamie akistaafu, fedha zikamwishia katikati.

Ilikuwa tupu kweli. Mlango wa nje ulikuwepo, wa ndani hakuna. Madirisha yalikuwa na vyuma bila vioo. Chumba kimoja kina saruji chini, cha pili udongo mtupu. Hakuna plafoni (dari), na umeme haupo: nyaya kubwa zinapita juu kuelekea migodini, kijiji hakina hata nguzo.

Hayo yote yananunulika. Yasiyonunulika ndiyo niliyoyakagua kwanza, kabla ya kutaja fedha. Nilichukua kisu kidogo nikachoma fremu ya mlango karibu na sakafu. Upande wa kushoto ncha iligonga mbao ngumu. Upande wa kulia iliingia yote bila nguvu, na udongo mwekundu ukamwagika: mchwa walikuwa wamekula ndani na kuacha rangi tu. Yeyote aliyewahi kuona vichuguu vya huku kwetu, virefu kupita nyumba, anajua hao si wadudu wa kupuuza. Nikapanda kwenye kiti kukagua mbao za paa moja moja. Zilikuwa nzima, na hapo ndipo nilipoanza kuitaka ile nyumba.

Kisha kisima. Nawasihi wote wanaotafuta nyumba ya kijijini: nendeni mkaangalie kisima mwezi wa kumi, kabla mvua haijashuka. Mwezi wa pili kila kisima kina maji. Cha pale kilikuwa kimeshuka sana lakini ndoo ilirudi imejaa, na majirani wakanihakikishia kwamba hakijawahi kukauka. Nikapima kwa hatua umbali wa kwenda chooni, maana inashauriwa usipungue mita 30, na kipindupindu hapa mkoani Haut-Katanga tunakijua. Umbali ulitosha.

Baada ya hapo nilikwenda kwa shefu wa kijiji kujitambulisha na kuuliza nyumba ni ya nani. Kwa karatasi, sheria ya Kongo ya 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali. Kijijini anayejua nani alipewa kiwanja na mpaka wake unaishia wapi ni shefu na wazee wake. Alithibitisha mwenyewe ni yule mzee, akanionyesha mpaka hadi kwenye miembe miwili.

Mzee alitaka dola 50 kwa mwezi na garanti ya miezi 6, yaani amana anayoishika mwenye nyumba. Nikamwambia kwa heshima, “Papa, sheria ya mwisho wa 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi 3.” Hakukasirika. Akasema, “Mwanangu, kwa miezi 3 sitaweza hata kununua milango.” Nilishukuru kusikia hivyo, kwa sababu sasa nilijua fedha alizitakia nini. “Basi papa, milango ninunue mimi, tukate kwenye kodi.”

Tulikubaliana hivi: garanti ya miezi 3, halafu kila mwezi nalipa dola 25 taslimu, na 25 zinakatwa hadi gharama yangu iishe. Kabla ya kununua chochote namtumia bei, akikubali ndipo nanunua, risiti nabaki nayo. Tuliandika pia kitu gani kitabaki siku nikihama: milango, vioo, fremu na saruji ni vyake, paneli ya jua, betri na banda la kuku ni vyangu. Mstari huo umezuia ugomvi ambao nimeuona kwa wengine, watu wakivutana juu ya kufuli. Nakala mbili, shefu akiwa shahidi. Tangu hapo nina kaye (daftari) moja tu ya nyumba: kushoto nilichonunua, kulia kilichokatwa, chini saini ya mzee kila anapopita.

Fremu mpya tuliipaka oili chafu ya gari kabla ya kuipachika, kama mafundi wote wa huku wafanyavyo dhidi ya mchwa. Vitu vya ndani nilivileta kidogo kidogo: godoro, mbabula (jiko la mkaa), bidoni (madumu) za maji, viti vya plastiki. Kitanda alikichonga fundi wa kijijini, nami nikakipenda kuliko vya dukani.

Baridi ya mwezi wa sita ndiyo iliyotutesa. Usiku upepo uliingia kwenye pengo kati ya ukuta na mabati, watoto wakalala na makoti. Tuliziba pengo lote kwa udongo wa kichuguu, uleule wanaofyatulia matofali, tukauchanganya na mchanga ili usipasuke, tukaacha vitundu viwili vya hewa. Na tafadhali, hata baridi iwe kali namna gani, mbabula yenye makala ilale nje. Moshi wake usioonekana unaua watu wamelala.

Deni la milango lilikwisha, sasa tunakata la vioo. Mzee ameniruhusu kulima mahindi hadi kwenye ile miembe, naye anachukua nusu ya maembe. Hilo nalo tumeliandika.