Old Petty: uwanja mpya, ardhi ngumu

Uwanja wa gofu wa Old Petty, kazi ya mbunifu wa viwanja Tom Doak, jirani na uwanja wa Castle Stuart, Uskoti, ulianza kupokea wachezaji 2025. Nyasi zake bado changa. Feskyu, aina ya nyasi zilizopandwa hapo, hukua taratibu: ukiking'oa kipande kwa fimbo, kirudishe ukikanyage, la sivyo kovu litakaa.

Usiutue mpira juu ya grini (eneo la nyasi fupi lenye shimo), utadunda upitilize. Uangushe mita 10 hadi 20 kabla, ujiviringishe. Ukiwa nje kidogo ya grini, sukuma tu mpira uviringike chini (wenye mbwembwe hawapendi hili). Fimbo ya kuinulia hudunda kwenye udongo mgumu, ukingo wake ukaupiga mpira katikati, ukafyatuka.

Upepo wa kilomita 16 kwa saa usoni? Mita 150 zihesabu 165, yaani ongeza 15. Ukiwa mgongoni, punguza nusu ya nyongeza hiyo, yaani mita 7 au 8.