Baiskeli ya umeme kwenye baridi ya Minneapolis: betri ilale ndani

Theluji ya kwanza ikishashika lami ya Minneapolis, baiskeli nyingi za umeme huingizwa stoo na hazionekani tena mpaka Aprili. Sababu inayotajwa ni moja: baridi inaua betri. Hiyo ni nusu ya ukweli. Kuendesha kwenye baridi hakuiui betri. Kuichaji ikiwa bado baridi ndiko kunakoiua. Ukiishika tofauti hiyo, unaweza kwenda kazini kwa baiskeli Januari nzima, mwezi ambao usiku wa kawaida hapa hushuka hadi kama nyuzi 13 chini ya sifuri. (Nyuzi zote humu ni za Selsiasi.)

Nawaandikia hasa wenzetu wa huku wanaofanya zamu za usiku na wanaopeleka chakula majumbani, ambao gari ni mzigo na basi la saa kumi alfajiri halina uhakika. Na tusidhani hili ni jambo la vichaa wachache. Oulu kule Finland, watu huendesha baiskeli majira yote, watoto wa shule wakiwemo, na mkutano wa kimataifa wa waendesha baiskeli wa majira ya baridi ulioanzia kwao mwaka 2013 ulifanyika hapa Minneapolis na Saint Paul mwaka 2016.

Tuanze na betri, maana ndiyo sehemu kubwa ya bei ya baiskeli. Ndani ya seli ya lithiamu, lithiamu husafiri kati ya ncha mbili kupitia majimaji. Baridi inapozidi, safari hiyo inakuwa ngumu. Unapoendesha, hasara yake ni ya muda: volti zinashuka kila unapodai nguvu, na umbali unapungua. Betri ikirudi kwenye joto, uwezo wake unarudi. Kuchaji ni habari nyingine. Wakati wa kuchaji lithiamu inasukumwa iingie kwenye tabaka za grafiti, ile kaboni iliyo kwenye ncha moja ya seli, na chini ya nyuzi 0 grafiti haiwezi kuipokea kwa kasi hiyo. Ile inayokosa nafasi inabaki juu ya uso wa grafiti ikiwa metali tupu, na sehemu kubwa yake hairudi kazini tena. Mbaya zaidi, metali hiyo inaweza kuota ncha kali zinazotoboa utando unaotenganisha pande mbili za seli. Hapo inatokea shoti ya ndani, na shoti ya ndani ndiyo mwanzo wa moto. Betri za LFP, aina ya lithiamu yenye chuma na fosfeti inayosifiwa kwa usalama, zina katazo hilohilo.

Bodi ya ulinzi ndani ya betri nzuri ina kihisi cha joto na itakataa chaji kwenye baridi. Bodi nyingi za bei poa hazina. Kwa hiyo taa ya chaja kuwaka si ruhusa.

Ukifika nyumbani, chomoa betri hapohapo. Ifute maji na chumvi kwa kitambaa kikavu, uiweke ndani penye nyuzi 15 hadi 20, mbali na hita. Iache saa mbili kabla ya kuchomeka chaja. Kama ilishinda nje kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri au zaidi, ipe saa nne. Usidanganywe na ganda la nje likiwa vuguvugu, kwani seli zimebanana na zile za katikati ndizo za mwisho kupata joto. Muda huo una kazi ya pili pia. Unyevu wa ndani ya nyumba hugeuka matone juu ya kitu kilichotoka kwenye baridi, na matone hayo hukaa kwenye ncha za kuunganishia umeme. Yaache yakauke kwanza.

Panga chaji iishe karibu na muda wa kuondoka, ili seli ziwe na uvuguvugu, halafu pachika betri kwenye fremu dakika ya mwisho. Ukifika kazini, ingia nayo. Koti la betri la neoprini, raba ileile ya nguo za wazamiaji, linasaidia ukiwa njiani kwa sababu betri inayofanya kazi hutoa joto kidogo na koti hulihifadhi. Lakini koti halizalishi joto. Betri iliyofungwa nje kwa muda wa saa nane itakuwa baridi sawa na nguzo iliyofungiwa, koti au bila koti.

Kuhusu moto: chaji ukiwa macho, kwa chaja iliyokuja na baiskeli, na kamwe usichajie kwenye njia ya kutokea mlangoni. Unaponunua, tafuta alama ya kiwango cha usalama cha UL 2849 kwa baiskeli au UL 2271 kwa betri. Jiji la New York limezuia kuuzwa kwa zisizotimiza viwango hivyo tangu Septemba 2023, na nadhani walifanya la maana.

Kuna mtego mmoja ambao hata mafundi huupita. Baadhi ya mota za kwenye gurudumu, zile nzito zisizo na giya ndani, hurudisha umeme kwenye betri unapofunga breki. Huko nako ni kuchaji. Kwenye baridi kali na betri iliyopoa, zima kipengele hicho kwenye mipangilio.

Sasa umbali. Chukua betri ya Wh 500 (Wh ni wati-saa, kipimo cha nishati iliyomo). Kiangazi, kwa msaada wa wastani, baiskeli hula kama Wh 11 kwa kilomita, kwa hiyo unapata karibu kilomita 45. Kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri hesabu Wh 350 tu zinazotumika. Hewa ya baridi hiyo ni nzito kuliko ya nyuzi 25 kwa karibu asilimia 15, matairi ya misumari yanaburuza, theluji inaburuza zaidi, na matumizi yanafika Wh 18 au 20 kwa kilomita. Gawanya: kilomita 17 hadi 19. Mwenye safari ya kilomita 8 kwenda na 8 kurudi atatoshelezwa na hilo ikiwa tu betri inashinda ndani kazini, na afadhali aichaji kidogo hukohuko.

Asilimia kwenye skrini nazo zisikutie moyo sana. Betri ya volti 48 (V 48) kwa kawaida ina seli 13 mfululizo. Ikijaa ni V 54.6, na bodi hukata umeme ikikaribia V 39. Kwenye baridi, ukiwa na asilimia 40 na unapanda mlima kwa msaada wa juu kabisa, volti zinaweza kuporomoka chini ya mpaka huo kwa sekunde moja, na baiskeli ikazima. Betri haijaisha. Zima, subiri dakika moja, washa, endelea kwa msaada wa chini. Anayeanza safari kwa daraja la chini dakika kumi za mwanzo na kuacha betri ijipashe yenyewe hukutana na tatizo hili mara chache.

Mota yenyewe haiogopi baridi. Inayoogopa ni mishiko yako barabarani.

Matairi ya misumari si anasa. Tafuta yenye vichwa vya kabidi ya tangsteni. Ya chuma cha kawaida huisha haraka kwenye lami tupu. Schwalbe ya Ujerumani na 45NRTH ya hapahapa Minnesota wanayatengeneza. Ukiwa na pesa ya tairi moja, funga la mbele. Gurudumu la nyuma likiserereka mara nyingi unaweza kuliokoa, la mbele likiondoka umeshalala chini. Kilomita 40 za kwanza ziendeshwe kwenye lami kavu bila breki za ghafla wala kuondoka kwa nguvu, ili misumari ikae sawasawa kwenye raba. Asiyefanya hivyo huanza kuipoteza mmojammoja wiki za mwanzo.

Upepo wa tairi upimwe nje, si sebuleni. Tairi lililojazwa psi 40 (psi ni kipimo cha presha) kwenye nyuzi 20 litasoma kama psi 33 kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, bila kuvuja hata chembe. Mara nyingi punguzo hilo ni heri: tairi lenye upepo mdogo hujitandaza, na misumari ya pembeni nayo ikagusa chini. Usishuke tu chini ya kiwango kilichoandikwa ubavuni, maana uzito wa baiskeli ya umeme utabana tyubu kwenye rimu na kuitoboa.

Misumari ina mipaka yake. Kwenye barafu ngumu inashika vizuri ajabu. Kwenye theluji ya kahawia iliyovurugwa na magari na chumvi, haina cha kushikilia. Hapo kinachosaidia ni upana wa tairi na mwendo mdogo. Matairi mapana ya inchi 4, yaliyoenea baada ya Surly, kampuni ya hapa, kutoa baiskeli yake ya Pugsley mwaka 2005, huelea juu ya theluji kwa psi 5 hadi 8, ila yanakula betri vibaya. Kwa mtu wa mjini, inchi 2 zenye misumari zinatosha siku nyingi. Njia kama Midtown Greenway, kilomita kama 9 kwenye bonde la reli ya zamani, husafishwa theluji, na ni salama kuliko kubanana na magari kwenye barabara iliyofinywa na marundo ya theluji pande zote mbili.

Jihadhari na barabara inayoonekana nyeupe kwa chumvi. Chumvi ya kawaida huanza kushindwa kuyeyusha barafu kwenye kama nyuzi 9 chini ya sifuri. Zaidi ya hapo, chumvi ipo na barafu ipo. Juu ya madaraja na popote panapodondoka maji, chukulia kwamba kuna barafu hata kama huioni: acha kupiga pedali, usifunge breki, usikate kona, pita ukiwa umenyooka. Punguza mwendo kabla, kwa breki ya nyuma zaidi. Shusha siti sentimita 2 ili mguu ufike chini haraka.

Aina ya mota nayo ina neno lake. Mota ya gurudumu la mbele ndiyo mbaya kuliko zote kwenye barafu, kwa sababu nguvu inatoka kwenye gurudumu lilelile linalokuongoza. Kihisi cha mzunguko wa pedali huachia nguvu kwa mshtuko. Kihisi kinachopima nguvu ya mguu huitoa taratibu, na ndicho cha kuchagua. Ekseleta ya kidole iache kabisa mpaka lami ionekane.

Kuna siku pedali zitazunguka bure, mnyororo unakwenda, gurudumu halivutwi. Wengi hudhani giya zimekatika. Ni vile vijino vya chemchemi ndani ya frivili, sehemu ya gurudumu la nyuma inayoliacha lizunguke pedali zikitulia: grisi imekuwa nzito kama samli ya kwenye friji, na vijino vimeshindwa kuinuka. Ingiza baiskeli ndani, ifunguliwe, isafishwe grisi ya kiwandani, itiwe mafuta mepesi ya baridi. Kazi hii ifanywe Oktoba. Waya za giya na breki huganda kwa sababu hiyohiyo ya kimsingi, ila mhusika ni maji yaliyoingia kwenye ganda la waya. Badilisha waya na ganda, usipoteze muda kukausha. Breki za diski zinazosukumwa na majimaji badala ya waya ndizo bora, ingawa zinazotumia mafuta ya madini huwa nzito kwenye baridi kali. Zibonyeze mara kadhaa kabla ya kuondoka. Tundu la funguo ya betri litie mafuta ya silikoni, wala usilimwagie maji ya moto, yataganda humohumo.

Mwili wako utapata baridi zaidi ya mwenye baiskeli ya kawaida, kwa sababu mota inakufanyia kazi ambayo ingekupasha joto. Kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, ukienda kilomita 25 kwa saa, ngozi iliyo wazi inahisi kama nyuzi 19 chini ya sifuri. Vidole ndivyo huumia kwanza. Glavu nene huharibu breki. Mifuko mikubwa inayofungwa kwenye usukani, ukaingiza mikono na glavu nyepesi ndani, ndiyo suluhisho la kweli. Nguo ya ndani iwe ya sufi, si pamba, maana pamba hushika jasho. Miwani ya wanaoteleza kwenye theluji ni ya lazima chini ya nyuzi 10 hasi.

Chumvi ndiyo adui wa baada ya safari. Mnyororo unaweza kushika kutu usiku mmoja. Ufute, uutie mafuta mazito ya majira ya mvua kila wiki, na viunganishi vya umeme vipake grisi isiyopitisha umeme. Baiskeli isuuze kwa ndoo ya maji vuguvugu na sponji penye joto, iachwe ikauke kabisa kabla ya kurudi nje. Mashine ya maji ya presha isiisogelee: inasukuma maji na chumvi kupita sili za mota na beringi.

Na kama umeamua kupumzika mpaka Machi, betri iache ndani ikiwa na chaji ya asilimia 30 hadi 60, itazame kila mwezi, ikishuka kwenye 20 iongezee kidogo.