Nilipigwa Tochi Virginia: Karatasi ya Mahakama Isome Kabla ya Kuilipa

Nilikuwa natoka shifti ya usiku. Bibi mmoja kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi alizidiwa alfajiri, nikachelewa kutoka, na nyumbani mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na begi begani akinisubiri nifike ili yeye awahi kazini na mtoto asibaki peke yake. Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo saa moja na nusu asubuhi kwenye barabara ya 29, hapa Virginia. Kibao cha maili 60 nilikiona. Kilichofuata, cha maili 45, kabla hujaingia mjini, sikukiona. Nilichokiona ni taa za bluu kwenye kioo.

Kwetu Tanzania tungesema nimepigwa tochi, yaani trafiki amenipima mwendo na kunikuta nimezidisha. Mtu yeyote aliyewahi kuendesha kutoka Morogoro kwenda Chalinze anajua kile kibao cha hamsini kinachojitokeza penye nyumba nne na mti wa mwembe, na trafiki aliyejibanza mbele kidogo. Mimi nimekulia Morogoro, nikadhani najua mambo ya tochi. Unasimamishwa, unaandikiwa elfu thelathini, unalipa, safari inaendelea. Kwa mazoea hayo nikaichukua karatasi ya Virginia kama risiti. Naandika kwa sababu nimeona watu wetu wengi wakiichukua hivyohivyo, na wengine imewagharimu vibaya.

Kwanza pale barabarani. Nyumbani dereva anashuka, anamfuata afande na leseni mkononi, anamsalimia, wanaongea. Hapa usishuke. Weka gari pembeni, zima injini, shusha kioo, mikono juu ya usukani ionekane. Kadi ya gari ikiwa kwenye kisanduku cha mbele, mwambie askari kwanza kwamba unataka kuichukua, usubiri akubali, ndipo unyooshe mkono. Ndugu zangu weusi wenzangu mnaelewa kwa nini nalisisitiza hili kuliko yote yatakayofuata. Na usithubutu kutoa noti, hata kwa namna ya "ya maji". Utakuwa umetoka kwenye kosa la mwendo na kuingia kwenye rushwa, na rushwa ni kesi nyingine kabisa.

Askari alikuwa mpole. Akasema kipimo chake kimesoma 66, akanipa karatasi nisaini. Nilisita, nikidhani nikisaini nimekubali kosa. Akanionyesha maandishi madogo juu ya sehemu ya sahihi: kusaini ni kuahidi kwamba utafika mahakamani, si kukiri. Nikasaini.

Nyumbani, mtoto ameshakula, ndipo nikaisoma vizuri. Pale nilipotarajia kuona neno la mwendo tu paliandikwa "reckless driving", yaani kuendesha ovyo bila kujali hatari. Nawaomba myakariri maneno hayo mawili kama mnaishi jimbo hili. Sheria ya Virginia inasema ukizidisha maili 20 au zaidi juu ya kibao, au ukipita maili 85 kwa saa popote pale hata kama kibao kinasema 70, hilo si kosa la kawaida la barabarani tena. Ni jinai ya daraja la kwanza kati ya makosa madogo ya jinai, daraja moja na kumpiga mtu. Adhabu yake ya juu ni miezi 12 jela na faini ya dola 2,500, na hakimu anaweza kukufungia leseni hadi miezi sita. Mimi nilikuwa nimezidisha maili 21. Kilomita 106 kwa saa penye kilomita 72. Kwenye kibao cha maili 60, mita chache tu nyuma, mwendo uleule ungekuwa maili sita za ziada.

Nilikaa chini jikoni. Kazi yangu inapitisha majina ya wafanyakazi kwenye uchunguzi wa rekodi za jinai. Na mwaka huu mimi na mume wangu tumeanza kukusanya karatasi za uraia. Nililia, sitaficha.

Kaka mmoja wa Kenya tunayesali naye akaniambia, "Dada, ingia mtandaoni ulipe, yaishe." Kwa nia njema kabisa. Lakini tiketi ya aina yangu haina cha kulipia mtandaoni, lazima ufike mbele ya hakimu, na usipofika inaweza kutolewa amri ya kukukamata. Hata ile tiketi ndogo inayokubali kulipwa mapema, kulipa ni kukiri kosa. Pointi za makosa zinaingia kwenye leseni, bima inapanda, na huna tena siku ya kujieleza. Watu wanalipa haraka kwa kuogopa mahakama, na mahakama ndiyo mahali pekee ambapo mtu mwenye mamlaka ya kupunguza atakusikiliza.

Ndani ya wiki moja sanduku la barua likajaa. Mawakili huku wanaangalia orodha za kesi, ambazo ziko wazi kwa umma, wanakuandikia. Mume wangu alishtuka akadhani tumeshitakiwa kila mahali. Nilipokea barua 11. Nikawapigia wawili. Mmoja alinieleza kwa dakika ishirini bila kunidai kitu, na mengi ninayoyaandika hapa nilianza kuyasikia kwake. Bei yake sikuiweza mwezi ule. Lakini nisieleweke vibaya: kama mwendo wako ulipita 90, kama una makosa ya nyuma, kama hadhi yako ya uhamiaji bado haijatulia, weka wakili, hata kwa kukopa. Na umuulize swali la uhamiaji waziwazi, kwa sababu wakili wa barabarani anaweza kukupatia makubaliano mazuri kwa leseni yako ambayo si mazuri kwa faili lako.

Mimi nilijiandaa hivi. Nilichukua rekodi yangu ya udereva kutoka idara ya magari ya jimbo, miaka sita bila doa. Nikahudhuria darasa la kurekebisha udereva, saa nane nzima siku yangu ya mapumziko, nikapewa cheti, bila kusubiri hakimu aniamuru. Halafu nikapeleka gari kwa fundi anayepima mshale wa mwendo. Sheria ya hapa inaruhusu kipimo hicho kuletwa mahakamani kama ushahidi. Fundi aliniandikia kwamba mshale wangu unasoma maili tatu pungufu: gari likiwa kwenye 66, mimi naona 63. Gari ni la zamani na niliwahi kubadilisha saizi ya matairi. Karatasi hizo tatu nikaziweka kwenye bahasha ya kaki.

Siku ya kesi nilivaa gauni la kanisani na koti. Simu niliiacha kwenye gari, kwa sababu mahakama ile, kama nyingi za jimboni, hairuhusu simu kupita mlangoni. Hili liwaingie watu wanaoweka maisha yao yote kwenye simu. Kijana aliyekuwa mbele yangu alikuwa na picha ya bima yake kwenye simu, na simu iko nje. Chapisha kila kitu.

Mahakama yenyewe ni chumba cha kawaida chenye viti virefu vya mbao kama kanisani. Hakuna baraza la wazee, hakuna jopo la raia, ni hakimu peke yake. Orodha ya majina imebandikwa ukutani. Kesi zinaitwa kwa askari: askari mmoja anasimama mbele na watu wake wote wanafuatana. Unaweza kukaa saa mbili. Nilitumia muda huo kusikiliza, na ndipo nikamwona mzee.

Alikuwa mzee wa Kongo, suti ya kijivu, kofia ameishika kwa mikono miwili. Akaitwa. Hakimu akamuuliza: unakiri kosa au hukiri? Mzee akajibu, "Yes." Hakimu akarudia polepole. "Yes, sir." Kila swali, yes, sir. Nilihisi joto usoni. Nilimwona baba yangu pale. Hakimu, namshukuru, aliweka kalamu chini, akauliza lugha ya mzee ni ipi. Akatamka, "Swahili." Karani akaandika, kesi ikasogezwa wiki nne ili apatikane mkalimani.

Yule mzee angeweza kuondoka na hukumu asiyoielewa kwa neno moja la heshima. Wazee wetu wamefundishwa kumkubalia mkubwa. Mahakamani "ndiyo" ni jibu lenye uzito wake. Majibu ni matatu: nakiri, sikiri, au sibishani na shitaka. Usimpeleke mzazi wako bila kumweleza tofauti hiyo kwa lugha ya nyumbani. Na mkalimani anaombwa mapema, kwa kumpigia karani wa mahakama. Mahakama ndiyo inayomtafuta na kumlipa. Taja pia ni Kiswahili cha wapi. Mkalimani wa pwani akisema "shitaka" na "dhamana", mtu wa Bukavu anaweza kubaki anamtazama tu.

Zamu yangu ilifika kama saa tano. Askari alisoma maelezo yake: mahali, saa, kipimo, cheti cha kipimo. Alisema ukweli, na akaongeza kwamba nilikuwa na adabu. Hakimu akaniuliza nasemaje. Nilijibu kama wakili wa simu alivyonielekeza: sikiri shitaka kama lilivyoandikwa, lakini sikatai kwamba nilizidisha mwendo, na ninazo karatasi naomba azitazame. Askari wa mahakama akaichukua bahasha. Hakimu alisoma barua ya fundi mara mbili. Akaniuliza naelewa kwa nini mwendo unashushwa pale. Nikamwambia ndiyo, kuna kituo cha basi la shule baada ya kona, nilirudi kukiangalia. Ni kweli nilirudi. Siku hiyo niliwakuta watoto watatu wamesimama na mabegi yao, mdogo wao akiwa na koti linalomfika magotini.

Alilipunguza shitaka kuwa uendeshaji usiofaa, ambalo si jinai. Pointi tatu. Faini dola 150, na gharama za mahakama juu yake. Nililipa dirishani kwa karani dakika ileile, na hapohapo nikaomba nakala ya hukumu yenye mhuri. Kama hukuridhika, Virginia inakupa siku 10 za kukata rufaa kwenye mahakama ya juu, na kesi inasikilizwa upya tangu mwanzo. Mimi sikuwa na la kukatia rufaa. Nilikosa.

Kuhusu uraia, kwa kuwa wengi mtauliza. Fomu N-400, ile ya kuomba uraia, inauliza kama umewahi kukamatwa au kuandikiwa kosa na chombo cha dola, na tiketi ni kuandikiwa kosa. Jibu kweli. Maelekezo ya fomu yanasema kwa kosa la barabarani lisilo na kukamatwa, lisilohusu pombe wala dawa za kulevya, ambalo adhabu yake ilikuwa faini chini ya dola 500 au pointi tu, huhitaji kuambatanisha karatasi za mahakama. Mimi nakala yangu nitakwenda nayo kwenye usaili hata hivyo. Kinachoumiza watu kwenye usaili ni kuficha.

Majimbo hayafanani. Ng'ambo ya mto Potomac, Maryland, tiketi ya kulipika inakupa siku 30 kuchagua kulipa au kuomba kusikilizwa, na mwendo wangu ule usingeitwa "reckless driving" kwa hesabu ya maili 20. Kwa hiyo msichukue ushauri wa shemeji aliyeko Texas. Someni karatasi yenu, mbele na nyuma.

Nilipotoka nilimkuta mzee kwenye ngazi za nje, anasubiri mwanaye. Nikamwamkia shikamoo. Akanijibu, "Jambo, mama." Akaniuliza, "Mama, banasema nini pale? Amende ni ngapi?" Nikamweleza kwamba bado hakuna faini, ataitwa tena, na safari hii kutakuwa na mtu wa kumtafsiria. Alinipa karatasi yake niisome. Alizidisha maili 17, akiwahi kazi ya alfajiri kwenye kiwanda cha kuku. Si jinai. Nilimsomea tarehe, nikamwandikia saa kwa hesabu yetu, saa tatu na nusu asubuhi, nyuma ya bahasha yangu tupu.

Kesi yake ni Alhamisi ijayo. Nimeomba ruhusa kazini, nitampitia saa mbili. Mwanaye ameshachapisha karatasi ya bima.