Kumbe usingizi wa pono upo kweli

Jamani mtu wa Tanga mzima nipo Toronto natoa hela kununua samaki asiyeliwa, najua mtanicheka. Mama alivyoliona tanki kwenye video kauliza kitu kimoja tu, "sasa hao utawakaanga lini?"

Basi ni tanki la lita 300, maji ya chumvi, mawe na matumbawe, na ninaowapenda kuliko wote ni hawa wadogo wa ukoo wa pono. Sio wale pono wa kukaanga, hawa ni binamu zao, urefu wa kidole hivi, ila rangi zao kama duka la kanga.

Wa kwanza alikuwa wa njano tupu, Halichoeres chrysus, kutoka Indonesia, ametoka ndegeni juzi yake tu. Namtia majini, hajamaliza hata dakika kapiga mbizi mchangani, kimya. Kesho yake hayupo, keshokutwa hayupo, siku ya tatu nikaanza kung'oa mawe natafuta maiti, tumbawe moja likavunjika kwa ile pupa yangu, kumbe jamaa kalala zake! Hawa wanalala ndani ya mchanga, ndo maana uwe laini na kina sentimita 5 hivi au zaidi, halafu akiwa mgeni siku za mwanzo anafuata saa za kwao, na Jakarta na hapa ni tofauti ya saa 11 au 12, yani mchana wangu ndo usiku wake. Nilicheka peke yangu, maana mimi wiki ya kwanza hapa saa tisa usiku nipo jikoni natafuta chai.

Wa pili alikuwa wa jamii inayoitwa Cirrhilabrus. Asubuhi nikamkuta kwenye kapeti, mkavu kama dagaa. Wanaruka hawa, hata kitundu kidogo anakiona. Saa hizi nimefunika neti juu tanki zima, usinunue samaki kabla ya neti.

Yule wa mistari sita, Pseudocheilinus hexataenia, mzuri ila mkorofi balaa, mtie wa mwisho la sivyo kila mgeni anachezea kichapo. Na wote uwalishe kidogo kidogo mara mbili tatu kwa siku, wanakonda haraka. Halafu kuna yule wa zambarau wa Zanzibar, aliyepewa jina 2019, Cirrhilabrus wakanda, anakaa mita 50 kwenda chini huko, huyo mimi namwona kwenye picha tu.

Juzi saa tano usiku namulika tochi, Cirrhilabrus wangu mpya kajibana kwenye jiwe, kajizungushia ute mwili mzima kama kavaa nailoni, hatikisiki. Nikashtuka, nikampigia mama, kwao asubuhi. Kaangalia, kasonya. "Si pono huyo? Zima taa mwenzio alale."