Kumbukumbu ya mradi: kitenzi ferre na koo zake mbili

Ukurasa wa fero nimeufunga, sasa niko kwenye tuli. Kwa mgeni: nafuatilia asili ya ferre, kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kubeba. Wanafunzi hukikariri hivi: fero, ferre, tuli, latum. "Nabeba" ni fero, "nilibeba" ni tuli, na "iliyobebwa" huanza na lat-. Sura tatu, hata hazifanani.

Fero haikunisumbua. Kisanskriti kina bharati, Kigiriki cha kale phero, Kigothi bairan, Kiarmenia berem. Sauti bh ya lugha ya kale iliyozizaa hizi zote ikiwa mwanzoni mwa neno, Kilatini huifanya f. Ndiyo maana frater, yaani ndugu wa kiume, kwa Kisanskriti ni bhratar. Mwanaisimu Mjerumani Franz Bopp alilinganisha minyambuliko ya lugha hizi tangu 1816, kwa hiyo hapo nimepita njia iliyokwisha kulimwa.

Utamu uko kwenye tuli. Katika tamthilia za Plautus, mwandishi wa Roma ya kale, bado unaikuta tetuli, silabi ya mwanzo ikirudiwa, kama cano, "naimba", inavyozaa cecini. Baadaye te- ikadondoka, ila iliacha alama. Chukua refero, "narudisha": t haimo kabisa. Ipeleke wakati uliopita, inakuwa rettuli, t mbili! Ya kwanza ni masalia ya te- iliyomezwa ndani ya re-tetuli. Mimi herufi hiyo moja inanishawishi kuliko kurasa nzima za nadharia.

Mzizi wake ulikuwa na maana ya kuinua na kustahimili. Humo ndimo ilimotoka tula, mizani ya Kisanskriti, na talanton ya Kigiriki, ile talanta tunayoisoma katika Injili ya Mathayo. Latum nayo ni wa ukoo huohuo: Kilatini hakikuvumilia tl- mwanzoni mwa neno, t ikaanguka. Kigiriki kiliitunza katika tletos.

Kwa nini kubeba kuazime kwa kuinua? Maelezo ninayoyakubali ni kwamba mzizi wa fero ulieleza tendo linaloendelea tu, ukakosa umbo la tendo lililokwisha. Wagiriki walikwama palepale, wakaokoteza mizizi mitatu: phero, oiso, enenka. Hiyo enenka ndiyo kazi ijayo.

Halafu kuna tollo, "nainua", mwenye mali hasa. Tuli yake ilipochukuliwa na fero, ikabidi ajikimu na sustuli, tuli ileile iliyovishwa kiambishi.