Nani Kaichukua Kumi na Tisa?

Jana nilikuwa najaza tarehe ya mwisho wa mkopo kwenye kompyuta: 30/06/30. Kubonyeza tu, kioo kikaandika 1930. Kijana ninayekaa naye meza moja akaniambia, "Andika mwaka mzima, mama. Ndivyo ilivyokuja."

Kazi ikanishinda. Maneno hayo niliwahi kumwambia mzee wa watu, Tanga, mwaka 2000.

Faili zetu ziliandika mwaka kwa tarakimu mbili tu, na ilihofiwa kwamba 2000 ikiingia kompyuta zingesoma 00 kama 1900. Tulikuwa tumeuvuka mkesha salama, tukapongezana. Fundi wetu hakupewa muda wala fedha za kubadili faili zote ziwe na mwaka wa tarakimu nne, akatupa njia ya mkato: 00 hadi mpaka fulani zisomwe kama miaka ya 2000, zinazobaki kama miaka ya 1900. Akauliza mpaka tuuweke wapi. Tukasema 29. Hakuna aliyepinga, hata mimi.

Februari akaja mzee aliyekata mkonge tangu ujana. Mafao yake yamekwama. Nikafungua faili lake: amezaliwa 2028.

"Nionyeshe, binti yangu."

Nikamgeuzia kioo. Kwenye kidole cha shahada alikuwa na kovu refu la mwiba wa mkonge. Kidole hichohicho akakiweka juu ya 28, akakiacha pale.

"Hii ni yangu. Mbele yake palikuwa na nini?"

"Kumi na tisa, Mzee."

"Nani kaichukua?"

Nikasema, "Ndivyo mashine ilivyokuja." Akanitazama kitambo, akachukua kofia yake, akaenda kukaa kwenye benchi, kama mtu anayesubiri chenji yake.

Jioni nikamvaa fundi. Yeye alianza kazi enzi za kadi za kutoboa, kadi za karatasi zilizohifadhi taarifa za kompyuta kwa matundu, akazitetea kwa moyo wote. Kadi ya IBM, kampuni ya kompyuta ya Marekani, ilikuwa na safu 80 tu, kila safu herufi au tarakimu moja. Jina, namba, mshahara na tarehe vyote vibanane humo. Kuiacha 19 kuliokoa safu mbili kwa kila tarehe, na kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ghali mno. "Ungekuwa wewe ungefanya hivyohivyo." Nikamwambia nimesoma kwamba Bob Bemer, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alionya kuhusu miaka ya tarakimu mbili tangu 1971; na kadi zilipoondoka, mbona tabia ilibaki? Akasema kila programu mpya ililazimika kusoma faili za zamani. Tulibishana mpaka mlinzi akaja kufunga.

Baadaye nilikuja kujua kwamba kadi ile ya safu 80 ilitoka mwaka 1928. Ni rika moja na mzee.

Hoja za fundi nazielewa zaidi sasa. Waliochagua kompyuta ihesabu muda kwa sekunde tangu 1970, katika nafasi ya biti 32 (tarakimu 32 za 0 na 1), nao walikuwa na sababu zao, na hesabu yao itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu. Lakini ile 29 haikutoka kwenye kadi yoyote. Tuliichagua sisi, watu wanne, kwa dakika tano, na faili za wazee wa 1928 zikiwa kabatini nyuma yetu.

Mzee alilipwa kwa hati ya mkono baada ya wiki tatu. Kwenye sehemu ya maelezo ya faili lake niliandika: kazaliwa 1928. Mwaka uliofuata niliondoka ofisi ile. Mfumo mpya ulipoletwa, sijui kama kuna aliyekumbuka kuyahamisha maelezo yale.